Ziara ya Kikazi ya Gesi Asilia

Haikuwa zamani, wala haikuwa kale. Ilikuwa juzi tu, katika nchi ambayo ramani zake huchorwa upya kila Waziri anapobadilishwa, na ambayo kwa ajili ya utaratibu nitaiita nchi yetu. Msomaji mwenye nchi yake asihangaike. Akidhani kwamba naisema ya kwake, ajue kuwa nimefundisha sarufi kwa miaka ishirini na sita, na matumizi ya vimilikishi nayajua vizuri.

Katika nchi yetu kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku. Chanzo chake ni mitihani. Mwaka mmoja mtihani wa darasa la saba ulivuja mara tatu, na mara ya tatu ulivuja kabla haujatungwa. Mwezi uliofuata ikavuja barua ya Waziri wa Utulivu kwenda kwa fundi wake wa nguo, barua iliyoeleza kwa tarakimu ongezeko la kiuno chake. Hapo ndipo Waziri alipotoa Waraka Namba Saba, wenye vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba ni marufuku kwa kitu chochote cha Serikali kuvuja, na ni marufuku kwa mtu yeyote kutamka kwamba kimevuja. Kifungu cha pili kilisema kwamba mtu atakayelisikia neno hilo likitamkwa, na asiondoke mahali hapo papo hapo, atahesabiwa kuwa ameafiki.

Niliusoma Waraka ule mara mbili. Mkato wake ulikuwa mahali pake. Niliubandika ukutani darasani, kati ya jedwali la ngeli na picha ya Waziri, na nikawaambia wanafunzi wangu kwamba ndivyo watu wazima wanavyoandika.

Wananchi walitii. Mabati ya zahanati hayakuvuja tena, yalitokwa jasho. Ndoo ya shule yetu ilipotoboka, niliandika kwa mkono wangu katika daftari la vifaa kwamba ina moyo mwepesi. Birika la ofisi ya Mkuu wa Wilaya likawa linadondosha maoni. Tulizoea upesi, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha.

Tatizo lilijitokeza upande ambao hakuna aliyeutarajia. Bomba la gesi asilia ni mali ya Serikali, na wahandisi wa Mamlaka ya Gesi walikuwa na tabia, waliyoipata huko walikosomea, ya kuandika ukweli kila Jumamosi. Taarifa yao ya kwanza baada ya Waraka ilipofika mezani, Mamlaka ilijikuta imekiri makosa mia mbili na kumi na mawili katika jedwali nadhifu lenye mahali, saa na sahihi. Mkurugenzi Mkuu, Dakta Kipangula, ambaye shahada yake ya uzamivu ni ya Uongozi wa Viongozi, aliwaita wakuu wa idara na kuwauliza ni fundi gani awezaye kuliondoa kosa bila kuligusa bomba. Walifikiri kwa siku mbili. Siku ya tatu mmoja wao alisema kwamba anayehitajika hapo ni mwalimu wa Kiswahili.

Ndivyo nilivyoingia katika sekta ya nishati.

*

Barua iliniteua kuwa Mtaalamu Mwelekezi wa Istilahi, Daraja la Pili. Niliisoma mbele ya darasa, kisha nikawataka wanafunzi wapigie mstari virai nomino vyote. Niliamini kwamba hatimaye taifa limenitambua. Mke wangu yeye aliuliza swali moja tu, kama gesi yenyewe inajua kusoma.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kofia ngumu, buti zenye chuma puani, kizibao kinachong'aa na miwani ya kukingia cheche. Kisha nikapelekwa ghorofa ya nne, nikaonyeshwa kiti na meza. Bomba lililokuwa karibu nasi kuliko yote lilikuwa umbali wa kilomita arobaini. Nilipouliza kama ninaweza kuvua kofia wakati wa kuandika, niliambiwa kwamba katika sekta hii hakuna aliyewahi kupandishwa cheo akiwa kichwa wazi. Sikuivua. Niliivaa mikutanoni, nikaivaa wakati wa chai, na kwa wiki ya kwanza niliivaa hadi nyumbani, ili majirani wapate nafasi ya kuuliza.

Baada ya siku chache niligundua, kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua sare, kwamba kofia zote za ghorofa ile ziling'aa kama sahani za wageni isipokuwa moja. Kofia yenye mikwaruzo ilikuwa ya Mhandisi Aikande, mwanamke mfupi wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda lilipo bomba. Ndiye aliyenifundisha machache ninayoyajua.

"Gesi yenyewe haina harufu, Mwalimu," aliniambia. "Haina rangi, haina sauti. Sisi ndio tunaoitia dawa, inuke kama yai viza, ili ikitoka tu mtu ajue. Uvundo ule ndio mdomo wake."

Niliyaandika maneno yale katika daftari langu, na pembeni nikaandika kwamba ni tashihisi.

*

Warsha ya kutafuta neno ilichukua siku tatu. Mkuu wa Idara ya Usambazaji alipendekeza *kutoroka*, lakini Dakta Kipangula alilikataa kwa hoja kwamba hutoroka anayeteswa. Mkuu yule akapendekeza *kuhama*, likakataliwa kwa kuwa anayehama amepata pazuri zaidi, na hapakuwa na mahali pazuri kuliko ndani ya bomba la Mamlaka. *Kupunga upepo* lilifika hadi kwenye kura, likaanguka kwa sababu lilionyesha uvivu.

Alasiri ya siku ya pili nilisimama. Mfukoni nilikuwa na kipande cha chaki, kwa maana sijawahi kutoka nyumbani bila chaki. Niliuliza, kama ninavyouliza darasani, kiongozi wetu akitoka nje ya ofisi yake, je, twalitumia kwake neno lile? Hasha, nikawajibia. Twasema yumo katika ziara ya kikazi.

Kisha nikaandika ubaoni, kwa mwandiko uliolala kulia kidogo: *Gesi asilia imo katika ziara ya kikazi nje ya bomba.*

Walipiga makofi kwa dakika nne. Dakta Kipangula alikuja kunikumbatia, kofia zetu zikagongana, na mgongano ule ukachukuliwa na wengine kuwa desturi ya sekta, wakaanza kugongana pia. Mimi nilikuwa naikagua sentensi yangu. Gesi, imo: ngeli ya I-ZI, upatanisho kamili. Sikuona kosa.

Mhandisi Aikande peke yake hakupiga makofi. Alisubiri watu waende kwenye chai, akaja ubaoni.

"Sentensi ni nzuri, Mwalimu. Sasa mtu akiisikia, atakimbia?"

Nilimjibu kwa upole kwamba kukimbiza watu si kazi ya sarufi.

*

Jumamosi iliyofuata taarifa ilieleza kwamba gesi asilia imefanya ziara za kikazi mia mbili na kumi na tisa, na kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mkubwa. Waziri alituma salamu za pongezi. Kitabu changu cha istilahi, chenye kurasa kumi na nne, kilitiwa saini naye na kutangazwa kuwa kamusi pekee halali ya sekta.

Nakala moja ilifika kwa Afisa Itifaki wa Mamlaka, Bwana Shabibi. Huyu alikuwa mtu mwenye tai tatu katika mkoba wake, kwa ajili ya ngazi tatu za wageni, na alikisoma kitabu changu kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake. Alipofika kwenye neno *ziara*, alisimama. Kanuni za Kudumu, alisema, zinaelekeza kwamba ziara yoyote ya kikazi hupokelewa. Gesi imekwisha kufanya ziara mia mbili na kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyopokelewa. Hakuna zulia, hakuna kwaya, hakuna kitabu cha wageni. Hii ilikuwa aibu.

Mamlaka ikaunda Kitengo cha Mapokezi ya Gesi. Anayebaini ziara angejaza fomu, na Mamlaka ingefika katika siku kumi na nne ikiwa na ratiba. Nilitunga fomu ile mwenyewe. Ilikuwa na pambizo za sentimita mbili na nusu pande zote, na hadi leo sijaona fomu iliyonyooka kuliko ile.

Haukupita mwezi, wilaya moja ya mbali ikaleta malalamiko kwamba inabaguliwa: miaka miwili haijapata ziara hata moja, ilhali wilaya ya jirani imepata thelathini. Dakta Kipangula, mpenda usawa, alimwagiza Mhandisi Aikande aende akalegeze nati mbili katika wilaya ile. Mhandisi alikataa. Hakupandisha sauti, aliweka spana mezani na kusema kwamba amesomeshwa kukaza tu. Siku hiyo hiyo alihamishiwa Kitengo cha Kalenda, akapewa jukumu la kuchagua picha kumi na mbili za mabomba kwa ajili ya mwaka ujao, na akakatazwa kwa maandishi kutamka jambo lolote lisilohusu kalenda.

*

Sasa nafika kwenye barua, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu natamani kuandika haraka na sitafanya hivyo.

Mamlaka ilikuwa imezijengea shule kadhaa majiko ya gesi, na miongoni mwake ilikuwa shule yangu ya zamani, ambako kwa miaka mingi Bi Siajabu, mpishi, alinipa kikombe cha uji kila saa nne asubuhi bila kuombwa. Wiki moja ya mwezi wa pili nilipata mezani kwangu karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Niliutambua mwandiko. Ilisema:

*Kwa Mamlaka. Jikoni gesi yavuja tangu Jumatatu. Watoto waja kula hapa. Njooni. Siajabu, mpishi.*

Nilifurahi sana kupata habari zake. Nikachukua kalamu nyekundu. Nilizungushia duara neno la tano, nikapigia mstari *njooni* kwa kuwa ni amri isiyotanguliwa na tafadhali, nikaandika chini: *Wazo ni zuri. Istilahi si sahihi. Rudia. 4/10.* Nikairudisha kwa njia ya masjala.

Baada ya siku nne ilifika ya pili:

*Tafadhali. Koki nimeifunga lakini gesi yatoka nyuma ya koki. Napikia nje. Madirisha nimeyaacha wazi mchana na usiku. Tafadhali njooni.*

Maendeleo yalionekana. *Kutoka* si kosa la jinai, ila si istilahi. Nilimpa saba, nikamwandikia kwamba asikate tamaa, na nikamwambatishia nakala ya kitabu changu.

Ya tatu ilifika ikiwa imeandikwa kwenye karatasi safi yenye mistari:

*Kwa heshima na taadhima, gesi asilia imo katika ziara ya kikazi nje ya bomba, jikoni. Siajabu, mpishi.*

Msomaji ambaye hajawahi kufundisha hataelewa. Machozi yalinilenga. Nilimpa kumi juu ya kumi, nikachora nyota, kisha nikaipanda ngazi mwenyewe hadi kwa Bwana Shabibi na kumwonyesha kwamba mwananchi wa kawaida, mpishi wa shule, ameitumia sentensi yetu bila kosa. Bwana Shabibi aliisoma, akafungua mkoba wake na kuitazama tai ya ngazi ya kwanza. Ziara hii, alisema, itapokelewa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe.

Wala haikutupitia akilini, si mimi wala yeye, kwamba barua ile ilikuwa inaomba fundi.

*

Kwa heshima ya tukio, siku kumi na nne zilipunguzwa zikawa tisa. Ijumaa ilipofika, Bwana Shabibi alitangulia alfajiri kuandaa jiko, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunga madirisha. Bi Siajabu alimwambia kwamba madirisha yale ameyaacha wazi kwa wiki tatu na kwamba ndiyo yaliyomfanya awe hai hata akapata kubishana naye.

"Bi mkubwa," Bwana Shabibi alimjibu, "mgeni hapokelewi nyumba ikiwa wazi kwa nyuma. Ataondoka kabla Mkubwa hajafika, na mimi nitasema nini?"

Kisha akamkabidhi kanga mpya yenye nembo ya Mamlaka na kumpangia pa kusimama, nyuma ya gunia la maharagwe.

Nilifika saa nne na msafara. Bomba lilikuwa limefungwa utepe. Zulia lilianzia mlangoni likaishia kwenye koki. Kando ya koki, mahali panapomfaa mgeni, walisimama watoto ishirini wa darasa la tatu, kwaya ya shule, wakiwa na soksi zilizovutwa hadi magotini. Kipaza sauti kilikuwa juu ya pipa la unga, na kwa kuwa hakikuwa na plagi, nyaya zake mbili zilichomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti. Uvundo wa yai viza ulikuwa mzito kiasi cha kushikika. Watoto walikohoa kwa zamu, kama walivyofundishwa.

Dakta Kipangula aliingia, akavuta pumzi ndefu, akasema kwamba hiyo ndiyo harufu ya maendeleo. Akaenda kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "gesi hii imetoka mbali. Imetoka chini ya miamba, imepita mabonde na mito, na katika safari yote hiyo haikuvu…"

Jiko zima lilisimamisha pumzi. Nusu ya wajumbe waligeukia mlango.

"…haikuvunja utaratibu wowote," alimalizia, na watu wakashangilia kwa nafuu ya kweli.

Nilitazama ratiba niliyoisanifu. Kipengele cha saba kilisema: *Mkurugenzi Mkuu kuwasha jiko kama ishara ya kumkaribisha mgeni.* Niliinua macho nikaona sinia, na juu ya sinia kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kiberiti.

Wakati huo mtu alinisogelea. Alikuwa Mhandisi Aikande, aliyeletwa kugawa kalenda. Alinipa moja, na huku akinionyesha mwezi wa tatu kwa kidole alinena kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, njiti ile ikiwaka, hatoki mtu humu. Hata zile nyaya zinatosha. Mimi nimekatazwa kusema lolote nje ya kalenda, na nikisema wataniondoa kabla sijamaliza. Wewe una kibali cha maneno. Sema."

Nilisimama. Mbele yangu niliwaona wale watoto ishirini, na zaidi ya nusu nilikuwa nimewafundisha kaka na dada zao. Neno nililijua. Lilikuwa mdomoni, fupi na la kawaida, neno la mama zetu wote. Lakini lilipofika kwenye meno lilikutana na miaka ishirini na sita ya kusahihisha, likarudi. Likatoka jingine.

"Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu," nilisema, "itifaki imezingatiwa. Naomba kutoa taarifa kwamba gesi asilia imo katika ziara ya kikazi nje ya bomba."

Wakapiga makofi.

"Ndiyo maana tupo hapa, Mwalimu," alisema Dakta Kipangula kwa bashasha. Kwaya, iliyokuwa imeelekezwa kuanza pindi isikiapo sentensi ile, ilianza wimbo. Mkurugenzi Mkuu akachukua kiberiti, akatoa njiti, akaiinua ili wapiga picha waione.

Bi Siajabu alitoka nyuma ya gunia. Hakukimbia. Alimshika Dakta Kipangula kifundo cha mkono, vile anavyomshika mtoto anayedokoa nyama, akaitwaa njiti pamoja na kiberiti chake, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kisha akasema, kwa sauti aliyozoea kuitia madarasa saba kula:

"Yavuja. Tokeni."

Sijapata kuona ukumbi ukitii namna ile. Hawakuikimbia gesi, walikuwa wameshinda nayo nusu saa na kuisifu. Walikikimbia kifungu cha pili. Wakuu wa idara walitokea mlangoni, Bwana Shabibi alitokea dirishani, dirisha lile lile alilolifunga, na Dakta Kipangula aliruka zulia zima bila kulikanyaga, asije akahesabiwa kuwa ameafiki. Mhandisi Aikande alikuwa ameshika watoto wanne, wawili kila mkono. Bi Siajabu aliwasukuma wengine mbele yake kama kuku.

Na mimi nilibaki. Naomba msomaji asinitafutie ushujaa: nilibaki kwa sababu nilikuwa nafikiri. *Yavuja* ni wakati uliopo usiodhihirika. Gesi ile ilikuwa ikitoka dakika ile ile, kwa mfululizo, kwa hiyo kusema kweli kiambishi kilichofaa ni *-na-*, *inavuja*. Nilikuwa nimefika hapo katika hoja yangu mkono uliponikamata kizibao na kunivuta nje kwa kinyumenyume.

Tulikuwa chini ya mlingoti wa bendera nyaya za kipaza sauti zilipotoa cheche. Sitaueleza mlio wake. Nitasema tu kwamba paa la jiko liliondoka lote kwa pamoja, likageuka hewani kwa utulivu, na kwamba kipande kimoja cha bati kilinishukia kichwani. Hivyo ndivyo kofia yangu ilivyopata mkwaruzo wake wa kwanza.

Hakuna aliyeumia. Niliwahesabu watoto mara tatu, na kila mara nilisahau nilipofika kumi na tano.

*

Taarifa ya Jumamosi ilieleza kwamba paa la jiko limo katika ziara ya kikazi katika shamba la mihogo la jirani. Jumatatu Bi Siajabu alishtakiwa. Waraka Namba Saba ulikuwa na adhabu moja tu, miaka mitano, na mashahidi walikuwa wengi isipokuwa kwamba wote walikuwa wameondoka papo hapo na hivyo hawakusikia zaidi. Tume iliundwa. Ikaamuliwa kwamba mtu pekee awezaye kuthibitisha ni neno gani lilitamkwa ni mwenye maneno, yaani mimi, ambaye pia ndiye aliyechelewa kutoka.

Nilikwenda mbele ya Tume nikiwa na kitabu changu na kofia yangu. Bi Siajabu alikaa upande wa kulia, amevaa kanga ile ile yenye nembo, kwa kuwa jiko lilikuwa limeondoka na nyingine.

Mwenyekiti aliniuliza kama ni kweli mshtakiwa alitamka lile neno.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "kamusi hii imetiwa saini na Waziri, na ndiyo pekee halali. Naomba mnionyeshe neno hilo humu."

Walitafuta kurasa zote kumi na nne. Halikuwemo. Nililiondoa mwenyewe.

"Basi neno lisilokuwemo katika lugha si neno, Mheshimiwa. Ni sauti. Mama huyu alikohoa."

"Alikohoa kwa silabi tatu?"

"Penye gesi, Mheshimiwa, watu hukohoa."

Wajumbe walinong'onezana. Niliona kwamba kumtia hatiani kungelazimu hukumu iliandike neno lenyewe, na hukumu ingekuwa karatasi ya Serikali inayosema kwamba kuna kitu kimevuja. Mwenyekiti naye aliliona. Tume ikaamua kwamba mpishi alikohoa. Kwamba waliohudhuria walitoka nje kutokana na maono ya mbali ya Mamlaka. Na kwamba maono hayo yaliongozwa na Mtaalamu Mwelekezi wa Istilahi, ambaye kwa ujasiri alikuwa wa mwisho kutoka, na ambaye sasa atunukiwe cheti na kupandishwa Daraja la Kwanza. Picha ya paa likiwa hewani, maridadi kwa kweli, iliagizwa itumike kwa mwezi wa sita katika kalenda ya Mhandisi Aikande.

Ningependa kumwambia msomaji kwamba nilisita kukipokea cheti kile. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikainama, na nikakagua kama jina langu limeandikwa sawasawa. Lilikuwa sawasawa.

*

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni. Nilikuwa nimekiweka cheti katika bahasha, kwa nia ambayo hadi nilipofika langoni sikuwa nimeipata.

Bi Siajabu alikuwa anapika uji uani, kwenye mafiga matatu na kuni, karibu na kuta nne zisizo na kitu juu yake. Aliponiona alichota kikombe, akanipa bila kuuliza. Nilimshukuru. Nikaanza kumweleza kwa mpangilio jinsi kesi yake ilivyokwisha, hoja ya kwanza, hoja ya pili.

"Nimeambiwa nilikohoa," alisema.

Nilikiri kwamba hiyo ndiyo rekodi.

Akapuliza moto, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Wala hakuonekana na hasira, na hilo lilinitaabisha kuliko hasira.

"Mwalimu, ile sentensi uliyonipa kumi. Ina silabi ngapi?"

Swali lilinifurahisha, maana ni mara chache mtu huulizwa jambo alilolisomea. Niliweka kikombe chini, nikahesabu kwa vidole polepole, nikahakikisha kwa kurudia.

"Ishirini na mbili."

"Na kile kikohozi changu?"

"Tatu."

Alirudi kwenye sufuria, akakoroga mara mbili au tatu, akagonga mwiko ukingoni.

"Basi siku ile, Mwalimu, nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya tatu."

Nyuma yangu kwaya ya darasa la tatu ilikuwa imekwisha kupanga mstari, vikombe mkononi, soksi zimeshuka. Niliwahesabu, kwa mazoea tu, na safari hii sikusahau nilipofika kumi na tano. Walitimia.